Mwendo wa Sukari

Kaka yangu akipita sokoni watu huficha vyakula vyao. Sitanii. Muuza mashuka akiwa na kipande cha mkate mweupe mkononi anakisukumia chini ya bidhaa mpaka kaka apite, maana akionekana nacho atasimamishwa apewe somo: mkate huo una mwendo gani, utafika kwenye damu upesi kiasi gani, na utafanya nini ukishafika. Soko zima linamwita Bwana Polepole. Mimi wananiita Kiberiti, na sidhani kama nina haja ya kueleza kwa nini.

Tunauza nafaka na mbegu, mimi na yeye, kwenye duka alilotuachia baba. Mbele kuna mizani na mapipa ya kupimia, nyuma kuna stoo ya magunia. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, mchele, shayiri, dengu, choroko, kunde, karanga, ufuta, mbegu za maboga. Zamani tulikuwa na sukari pia. Kaka alipoambiwa ana kisukari, kesho yake aliyatoa magunia yote ya sukari nje, akamwuzia mtu kwa bei ya kutupa, akafagia pale yalipokuwa kisha akapiga deki. Ungedhani ametoa nyoka.

Hayo ya mwendo aliyatoa kliniki. Nesi aliwaeleza wagonjwa kwamba vyakula vya wanga vyote huishia kuwa sukari mwilini, lakini havifiki kwa kasi moja. Wataalamu huchukua glukosi tupu, yaani sukari yenyewe, huipa alama mia, halafu kila chakula hukilinganisha nayo: kinapandisha sukari ya damu upesi kiasi gani. Kipimo hicho kina jina refu la kitaalamu. Kaka aliliacha huko huko, akarudi na neno moja tu, mwendo. Mkate mweupe na wali laini vinakimbia. Dengu na shayiri vinatembea. Karanga na mbegu za maboga zinajikokota. Tikiti maji linakimbia, japo unaweza kudhani ni maji matupu. Tufaha linatembea. Ndizi inategemea: ngumu ngumu inatembea, ikiiva mpaka ganda likapata madoa inaongeza hatua. Na nafaka ile ile, ukiila punje nzima inakwenda taratibu, ukiisaga laini ukaipika uji inashika mbio.

Ni mambo ya kweli, na sikuwahi kuyakataa. Kaka alichukua brashi na rangi, akaandika kwenye kila pipa: Mbio, Wastani, Polepole. Watu walikuja kusoma mapipa wakaondoka na dengu, kwa hiyo biashara haikuwa mbaya. Ila mimi nilijua kilichokuwa kinaishika ile brashi. Ilikuwa hofu.

Baba alikufa kwa kisukari, na hakufa mara moja. Ilianza na kidonda kidogo cha kiatu, wakakata kidole. Kisha wakakata chini ya goti. Kisha mguu wa pili. Kaka ndiye aliyekuwa akimbeba kwenda msalani, na baba, mtu aliyezoea kuweka gunia begani bila kusaidiwa, alikuwa analia kila akibebwa. Mimi nilimsikia nikiwa jikoni. Kaka alimsikia akiwa na kichwa cha baba begani.

Basi kaka alipoanzishiwa sindano za insulini za kushusha sukari, alijiwekea sheria. Aliacha sukari, akaacha mkate, akaacha wali, viazi, uji, tikiti, embe. Alipomaliza vya mbio akaanza kuvipunguza hata hivyo vya polepole. Asubuhi kiganja cha dengu za kuchemsha, mchana karanga za kuhesabika, jioni kunde na majani. Akipima damu akaona namba imeshuka, anatabasamu kama mtoto aliyesifiwa darasani. Mashati yakaanza kumpwaya. Kitu kimoja tu hakukipunguza, nacho ni sindano. Dozi aliyopangiwa alipokuwa anakula sahani ya wali iliyojaa ndiyo hiyo hiyo aliyoendelea kujidunga na kiganja cha dengu tumboni.

Nilimwuliza kama daktari anajua. Akasema daktari atafurahi mwenyewe akiziona namba. Nikamwambia aende amwone. Akaniambia nisimpande kichwani. Nilikaa na wasiwasi ambao sikuweza kuupa jina. Usiku nilikuwa naona shingo yake ilivyokonda, mchana nikimwona anabeba magunia, nikawa najiambia ni mimi tu mwenye roho ndogo.

Siku yenyewe lori lilikuja na mzigo asubuhi. Mchukuzi wetu mmoja hakutokea. Huyu mwingine, tunayemwita Jeki kwa jinsi anavyonyanyua vitu, alikuwa peke yake, kwa hiyo kaka akavua shati la juu akamsaidia kushusha. Nilimwambia aache. Akajifanya hasikii. Walipomaliza nilimpa maji, nikamwuliza amekula nini, akanionyesha ganda la karanga.

Nilikuwa nyuma nashona mdomo wa gunia niliposikia mteja anasema, kwa adabu kabisa, "Kaka, hii siyo niliyoomba."

Nikachungulia. Kaka alikuwa anachota ufuta na kuumimina ndani ya pipa la mtama.

Lazima uelewe huyu ni mtu gani. Huyu aliwahi kuninunia siku nzima kwa sababu nilitumia kopo moja kwenye mapipa mawili bila kulipangusa. Na sasa amesimama pale, anachota, anamimina, anachota tena, kwa utulivu wa mtu anayemwagilia maua.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nachanganya."

"Unachanganya kwa nini?"

"Si umesema mwenyewe."

Sikuwa nimesema neno. Nikamsogelea. Fulana ilikuwa imelowa chepechepe wakati kazi ilishakwisha zamani. Mikono ilikuwa inatetemeka, ufuta ukimwagika sakafuni. Midomo ilikuwa haina rangi. Akaniangalia usoni, mimi mdogo wake niliyekula naye sahani moja tangu tunatambaa, akaniambia, "Tumefunga, mama. Uje kesho."

Nilimnyang'anya kopo la kuchotea.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba sukari imepanda. Nyumbani kwetu hofu ilikuwa na upande mmoja tu, juu. Nikavuta mkoba wake chini ya meza nikatoa kipimo. Aliuvuta mkono wake kwa hasira, ikabidi Jeki amshike ndipo nimchome kidole. Kile kioo kidogo kilifikiri, kikafikiri, halafu kikaandika mbili na kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba isishuke chini ya nne.

Haikupanda. Ilikuwa imeporomoka. Sindano ilikuwa ndani inafanya kazi yake, na haikukuta chakula cha kufanyia kazi.

Nesi alishasema, sukari ikishuka hivyo mpe mgonjwa kitu cha mbio, papo hapo, maana ubongo hauna akiba. Nikageuka kutafuta kitu cha mbio. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Duka limejaa chakula mpaka darini, na hakuna hata punje ya kumwokoa mtu mmoja. Mchele ni wa mbio, lakini ni mkavu kama kokoto. Mahindi ni yale yale. Dengu, kunde, shayiri, vyote vibichi, vyote vya taratibu. Kaka alikuwa amelitakasa duka lake mpaka likawa mtego wake.

Jeki, maskini, akachota karanga akataka kumlisha.

"Acha hizo," nikamwambia. "Zina mafuta, hizo zinajikokota. Tutamzika zikiwa bado njiani."

Nikakimbia kwa mzee wa vinywaji, milango michache kutoka kwetu. Nikamwambia nipe soda haraka, kaka anazidiwa. Mzee hakuuliza swali. Aliingiza mkono kwenye friji akanipa chupa, nami nikarudi mbio. Kaka tulimkalisha juu ya gunia, nikamshika kisogo, nikamnywesha. Nusu alikunywa, nusu ilimwagika kifuani. Kisha nikachuchumaa mbele yake kusubiri.

Hakuna kilichotokea. Alizidi kulegea. Alianza kuzungumza na mizani, anaiuliza mbona imechelewa. Nikajipa moyo, nikasema bado kidogo, itafika, soda inakimbia. Kumbe Jeki alikuwa ameiokota ile chupa anaisoma, polepole kama anavyosoma kila kitu.

"Dada," akasema, "hapa wameandika haina sukari."

Mzee wa vinywaji alikuwa na chupa hizo kwa ajili ya kaka tu. Kaka ndiye aliyemwomba aziagize. Aliposikia neno kaka, mkono ukaenda wenyewe pale ulipozoea kwenda. Alifanya hivyo kwa upendo. Nilitamani kuipasua ile chupa ukutani, lakini sikuwa na muda wa hasira, jambo ambalo halijawahi kunipata maishani.

Nikavuka ujia kwenda kwa mama chai. Kopo lake la sukari liko pale siku zote, karibu na jiko.

"Nipe sukari, mama. Haraka."

"Ya nani?"

"Ya kaka."

Akalichukua kopo akalikumbatia. "Hapana, mwanangu. Kaniapisha. Kasema hata akija mwenyewe kuomba, hata akipiga magoti, nisimpe."

"Mama, atakufa."

"Kasema hata wewe ukija utasema hivyo."

Nikajua sasa kwamba soko zima limefungwa. Kila mlango ambao ningeugonga, kaka alishatangulia akaufunga kwa mkono wake, na kila mtu nyuma ya mlango alikuwa anaushikilia kwa sababu anampenda. Nililishika kopo. Mama chai akalivuta. Ni mtu mzima, ana umri wa mama yangu, na mimi nilimvutia kopo mbele ya wateja wake mpaka kifuniko kikaruka na sukari ikamwagika chini. Nikaondoka na kilichobaki, yeye nyuma yangu analia kwamba namwua ndugu yangu.

Niliporudi kaka alikuwa sakafuni, mgongo kwenye magunia ya shayiri, Jeki amemshika kichwa. Macho yalikuwa wazi lakini mwenyewe hayupo. Nikamimina sukari kiganjani, nikailowesha kwa maji kidogo iwe nzito, nikampelekea mdomoni.

Ilipomgusa mdomo akabana meno.

"Hapana," akasema. Lilikuwa neno la kwanza kulitamka vizuri tangu alegee. Akageuza uso. "Hiyo mbio. Mbio hiyo."

Mimi alikuwa amenisahau. Pipa hakulisahau.

Nikajaribu tena, akanipiga mkono. Sijui nguvu ile aliitoa wapi. Watu walishaanza kujazana mlangoni. Mmoja anasema tafuteni gari, mwingine anasema mlazeni, mama chai anasema si mnaona, mwenyewe hataki. Nilimbembeleza. Nilimwambia kaka tafadhali, kaka naomba. Nilimtukana. Nilimwambia meno nitayang'oa. Taya zilikuwa zimebana, mshipa umemtoka shavuni. Kisha jicho moja likaanza kupanda juu, na mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe juu ya sakafu.

Hapo ndipo nilipojikuta napanga. Sikutaka, akili ilipanga yenyewe. Nani nitampigia kwanza. Shuka lipi liko safi. Funguo za duka ziko kwa nani. Niliyaona yote kwa mpangilio kama yameshatokea.

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa habembelezi mtoto kunywa dawa. Alikuwa anakuja na kijiko, anakubana mashavu kwa vidole viwili, anasema mara moja. Kaka alikuwa mbishi kwa kila mtu duniani isipokuwa kwa kijiko kile. Nikamshika mashavu vile vile. Sauti iliyotoka haikuwa ya Kiberiti, na wala sikuipandisha.

"Wewe. Fungua mdomo. Sirudii."

Taya ikalegea.

Nilimgeuza ubavu asije akapaliwa, nikaipaka ile sukari kati ya shavu na fizi, kidogo kidogo, nikaisugua kwa kidole. Nikapaka tena. Nilikuwa nasikia pumzi yake tu, na kila ilipochelewa nilihisi yangu nayo inasimama. Sijui nilisugua kwa muda gani. Najua tu kwamba nilikuwa namhesabia mama majina ya watu wote waliokwisha kwenda kwake, nikimwambia wanatosha.

Mkono uliacha kuruka. Baadaye ulimi ukasogea. Ukagusa kidole changu, ukakilamba. Nikaongeza sukari. Jasho likaanza kukauka kwenye paji la uso. Alipepesa macho, akaangalia watu mlangoni, akaangalia sakafu, akakunja uso.

"Nani kamwaga ufuta?" akauliza.

Nililia kwa sauti. Kisha nikamtukana mpaka mama chai akalazimika kuziba masikio, na huyo huyo mama chai akakimbia kwake akaleta chai ya rangi tamu kiasi cha kijiko kusimama wima. Kaka aliinywa huku ananitazama kwa woga. Akaimaliza, tukampa na dengu za kuchemsha alizozitafuta Jeki, bakuli zima. Sasa hapo ndipo dengu zina kazi yake: sukari ya mbio inaingia upesi na kuisha upesi, kitu cha polepole ndicho kinachopokea zamu. Kama angenisikiliza tangu mwanzo ningemweleza hivyo, lakini yeye ndiye mwalimu.

Tulikwenda kliniki siku hiyo hiyo, Jeki akabaki na duka. Daktari alimwuliza anakula nini. Kaka akavitaja kwa kujigamba, kimoja baada ya kingine. Daktari akaweka kalamu chini.

"Hii dozi ni ya mtu anayekula," akamwambia. "Wewe umekuwa ukijidunga sindano ya mlo ambao haupo. Sukari ikipanda inaharibu mwili kwa miaka. Ikishuka hivi inamaliza kazi mchana mmoja."

Alimpunguzia dozi. Alimwambia vyakula vya polepole ni vizuri na aendelee navyo, lakini ashibe, na asibadilishe mlo tena bila kumwambia. Mwisho akamwambia asitoke nyumbani bila sukari mfukoni. Kaka aliitikia ndiyo, ndiyo, huku anaangalia viatu vyake.

Jioni nilitia sukari kwenye kifuko kidogo cha nailoni, nikakifunga fundo, nikakiingiza kwenye mfuko wa shati lake lililokuwa limetundikwa kwenye kiti. Akainuka, akakitoa, akakiweka mezani.

"Usianze," nikamwambia.

"Nilikuwa nakusikia," akasema.

"Lini?"

"Pale chini. Siyo mwanzo, mwanzo sikumbuki. Lakini uliponiletea sukari nilikuwa nakusikia. Nilijua ni wewe. Nilijua na ninakokwenda."

Nikadhani bado hajakaa sawa. Nikamwuliza, kama ulijua, kwa nini ulibana meno.

Alikaa kitandani. Alivua soksi moja, kisha ya pili, akavitazama vidole vyake vya miguu kama mtu anayekagua vitu vya kuazima.

"Niliona nafasi," akasema. "Sikuumwa popote. Ilikuwa kama usingizi tu. Nikasema bora niende hivi hivi, na miguu yangu yote miwili."

Nilikuwa nimepigana na mama wa watu, nimelia mbele ya soko zima, nikidhani namgombania na ugonjwa. Kumbe nilikuwa namgombania na yeye mwenyewe.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi ulipanga unaniachia nani?"

Akanyoosha mkono, akachukua kile kifuko, akasema sawa, nitatembea nacho. Hakunitazama aliposema.

Anakula vizuri siku hizi, na mashati yameanza kumkaa. Somo la mwendo bado analitoa, ameongeza na habari ya kushuka, na mzee wa vinywaji sasa ana chupa za aina mbili. Wateja wanasema Bwana Polepole amerudi. Kila asubuhi kabla hatujafungua duka nampangusa vumbi begani, vumbi ambalo halipo, na mkono wangu unashuka mpaka kwenye mfuko wa shati. Yeye anajua ninachotafuta. Anasimama wima, ananiacha nitafute, na moyo unanidunda mpaka vidole vikutane na kile kifuko.